Bando limeisha kabla ya muda wake: tuelewane kuhusu vifurushi, salio na simu tunazotumia

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu.

Lalamiko linalojirudia hapa kila mara ni lile lile: mtu amenunua kifurushi asubuhi, jioni anaambiwa hana kitu, na anahitimisha kwamba mtandao umemwibia. Sikatai kwamba yapo mazingira ambamo mtoa huduma amekosea kweli, na hilo tutalifikia. Lakini kwa ninayoyaona dirishani, ambako nauza vocha, nasajili laini na kuweka simu za watu sawa, sehemu kubwa ya fedha hupotea mahali pawili ambapo mteja haangalii: mpaka uliopo kati ya kifurushi na salio, na kazi ambazo simu huzifanya yenyewe bila kuagizwa. Nitazungumzia Tanzania kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi. Wenzetu wa Kenya na kwingineko watakuta mantiki ni moja ila namba za menyu ni nyingine.

Unapoweka vocha, fedha ile huingia katika akaunti kuu ya laini, na hapo bado haijawa dakika wala MB. Ukipiga simu bila kujiunga, unatozwa bei ya kawaida, ambayo ni ghali kuliko bei ya kifurushi. Ukijiunga, umenunua kwa jumla, na punguzo ulilopewa limefungwa kwa masharti. Matumizi huanza kula kifurushi. Kikiisha, au sharti lake mojawapo lisipotimia, laini inaweza kurudi kwenye salio kuu na kuendelea kukata huko kwa bei ya kawaida. Kanuni ndogo za vifurushi zilizotolewa na TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, mwaka 2021 zilitaka mteja ajulishwe anapofikia asilimia 75 na asilimia 100 ya kifurushi chake, na zikataka asitozwe nje ya kifurushi bila ridhaa yake. Shida ni kwamba wengi wetu ridhaa hiyo tulishaitoa siku moja tukiwa na haraka, tukabonyeza moja ili dirisha lile litoke mbele ya macho, na hatukumbuki. Ingia kwenye menyu ya vifurushi ya mtandao wako, tafuta kipengele cha matumizi nje ya kifurushi, na uone kimewekwaje. Pia usiache salio kubwa likikaa nyuma ya kifurushi cha data. Fedha yako iweke kwenye akaunti ya pesa ya laini hiyo hiyo na ununue kifurushi moja kwa moja kutoka huko, kwa kuwa fedha iliyo huko hailiwi na intaneti.

Sasa masharti yenyewe. Kila unapojiunga unaletewa ujumbe wa uthibitisho, na wengi huufuta bila kuusoma kwa sababu laini hiyo hiyo huleta na matangazo mengi. Hebu usome ujumbe mmoja pole pole. Utakuta kiasi cha dakika, SMS na MB. Utakuta kama dakika ni za mtandao wako tu au mitandao yote. Utakuta kama MB zote ni za kutumia popote au sehemu yake ni ya mitandao ya kijamii tu, au ya usiku tu. Na mwishoni utakuta tarehe na saa ya ukomo. Hapo kwenye saa ndipo watu wengi huumia. Vipo vifurushi vya siku vinavyodumu saa 24 tangu dakika uliyonunua, na vipo vinavyokoma usiku wa manane wa siku hiyo hiyo hata kama ulinunua saa mbili usiku. Isitoshe, ujumbe huandika saa kwa mtindo wa simu. Ukisoma 23:59, maana yake ni dakika moja kabla ya saa sita usiku, na data ya usiku inayoanza 00:00 hadi 05:59 inaanza saa sita usiku na kukoma dakika moja kabla ya saa kumi na mbili alfajiri. Mama mmoja aliniletea simu akiwa amekasirika kwamba data yake ya usiku haifanyi kazi, kumbe alikuwa akiifungua kila siku saa tatu usiku baada ya kufunga biashara, na saa hizo zilikuwa zikila MB zake za mchana. Ujumbe ulikuwa umesema kweli. Ila ulisema kwa namna ambayo mtu anayehesabu saa za Kiswahili hawezi kuielewa kwa haraka, na kwa hilo mimi nawalaumu waliouandika.

Kuhusu dakika za mitandao yote na za mtandao mmoja, ni vizuri kujua tofauti hiyo ilitoka wapi. Mtandao unapopeleka simu kwenye mtandao mwingine huulipa gharama ya mwingiliano. TCRA iliipanga ishuke hatua kwa hatua, kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2 mwaka 2022. Gharama hiyo ilipokuwa juu, kumpigia mtu wa mtandao mwingine kulikuwa anasa, na ndiyo maana mtu mmoja alitembea na laini tatu. Siku hizi dakika za mitandao yote zimekuwa jambo la kawaida, na kununua dakika nyingi za mtandao mmoja kunamfaa tu yule ambaye watu wake wote wako huko.

Na hata hapo kuna mtego. Tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba, kwa hiyo tarakimu za mwanzo wa namba haziwezi tena kukuambia kwa uhakika mwenye namba yuko mtandao gani. Unaweza kumpigia shemeji yako kwa dakika za mtandao wako ukiamini ni wenzako, kumbe alishahama, na simu ile ikakatwa kwenye salio. Ukiona simu moja inakula salio wakati dakika zipo, kitu cha kwanza kuuliza ni hicho.

SMS wengi wanaidharau, lakini kwa mwenye kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, bado ndiyo njia kuu. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, nafasi zikiwemo. Ukizidi hapo unakatwa vipande, na kila kipande kinahesabiwa kuwa ujumbe. Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba ukiweka alama moja tu isiyo katika orodha ya kawaida ya herufi za SMS, kwa mfano kikatuni cha kucheka, ukomo wa ujumbe wote unashuka hadi herufi 70. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna balaa la ziada: baadhi ya simu janja hugeuza alama iliyo katika ng'ombe au ng'ambo kuwa ile iliyopinda, na alama iliyopinda nayo haimo katika orodha hiyo. Ujumbe wa kawaida wa kumwarifu ndugu habari za ng'ombe unaweza kuhesabiwa SMS mbili au tatu na usijue kwa nini. Ukiandika ujumbe mrefu, angalia hesabu ndogo inayojitokeza pembeni mwa kisanduku cha kuandikia. Ikiruka ghafla, kuna alama imeingia.

Upande wa data, kipimo ni rahisi ukishakizoea. GB moja ni MB elfu moja na kidogo. Maandishi ya WhatsApp hayali chochote cha maana, na simu ya sauti kwa WhatsApp kwa kawaida hula chini ya MB moja kwa dakika. Video ndiyo inayomaliza. Video ya kiwango cha picha cha 480 hula, kwa makadirio, MB 500 kwa saa, na ile ya 1080 mara tatu hadi nne ya hapo. Kama YouTube imeachwa ijichagulie kiwango na wewe upo kwenye 4G nzuri, itachagua cha juu, kwani kazi yake ni kukuonyesha picha safi. Hivyo mtu aliyekuwa anatosheka na GB moja akiwa kijijini kwenye 3G anafika Dar es Salaam, anatazama vitu vile vile, na GB ile ile inaisha kabla ya adhuhuri.

Mengine simu huyafanya yenyewe. Fungua Mipangilio, ingia kwenye matumizi ya data, na utaona orodha ya programu zikiwa zimepangwa kwa ulaji. Washa Kiokoa Data. Kwenye duka la programu, weka masasisho yafanyike kwa Wi-Fi pekee. Kwenye WhatsApp, zuia upakuaji wa picha na video usifanyike wenyewe unapotumia data ya simu, kwa sababu kundi moja la familia lenye watu wachangamfu linaweza kumaliza kifurushi cha siku bila wewe kufungua hata video moja.

Na kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hawalisemi. Ukimwashia mwenzako hotspoti, yaani ukimgawia intaneti ya simu yako, simu yake inaweza kuona hiyo ni Wi-Fi, kwa hiyo vizuizi vyote alivyoviweka kwa ajili ya data ya simu vinaweza kulegea kwa wakati mmoja. Kompyuta ni mbaya zaidi: yenye Windows ikipata hotspoti yako inaweza kuanza kushusha masasisho mazito ambayo ilikuwa ikiyasubiri. Kama ni lazima, iweke kwanza kwenye hali ya muunganisho unaopimwa.

Kwa leo naishia hapo. Maswali yanakaribishwa.

Mchangiaji kutoka Tabora

Mkuu, shukrani kwa maelezo. Mama yangu yuko kijijini, anatumia kitochi kisicho na intaneti kabisa. Namwekea vocha ya shilingi 1,000, kesho yake anasema imebaki 400 na hajapiga simu. Hapo video iko wapi?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, kwa kitochi mimi huangalia mambo mawili. La kwanza ni mkopo wa salio. Mitandao hukopesha salio au kifurushi mtu akiishiwa, na deni hukatwa pamoja na ada yake mara tu vocha nyingine inapoingia. Muulize mama kwa upole kama aliwahi kukopa, au kama kuna mjukuu aliyemkopea akitaka kupiga simu. La pili ni huduma za kujiunga: miito ya simu (nyimbo anazosikia anayekupigia), ujumbe wa mpira, wa afya, wa neno la siku. Nyingi hukata kidogo kidogo kila siku, na mtu hujiunga bila kukusudia kwa kubonyeza kitufe pale tangazo linapotokea kwenye kioo. Piga 100, namba ya huduma kwa wateja, kwa laini ya mama mwenyewe, akiwa pembeni yako maana wataulizia taarifa zake za usajili, kisha omba wakutajie huduma zote alizojiunga na waziondoe zote. Usikubali jibu la kwamba salio limetumika kwa matumizi ya kawaida. Omba wakusomee makato moja baada ya jingine kwa tarehe na saa.

Na mfundishe kufunga vitufe kabla ya kuweka simu kwenye kanga. Kwenye vitochi vingi ni kitufe cha kati kisha nyota.

Mchangiaji kutoka Mbeya

Kwa heshima zote, mwanzisha uzi unayatetea makampuni. Mwananchi anatakiwa kujua saa za 23:59, herufi 70, masasisho ya Windows, wakati wao wanabadilisha vifurushi wanavyotaka. Umesahau Aprili 2021?

Mwanzisha uzi

Sijasahau, na hoja yako ina uzito. Mwanzoni mwa Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilianza kutumika, watu wakajikuta fedha ile ile inanunua MB chache mno, kelele zikawa kubwa na Serikali ikaagiza bei hizo zisitishwe na zile za awali zirejee. Hapo wananchi walisikilizwa kwa sababu walilalamikia kitu kinachoonekana kwa tarakimu: jana nilipata kiasi hiki, leo kiasi hiki. Lalamiko la kwamba nimeibiwa bando, bila tarehe wala ujumbe wowote, halina pa kushikiwa, na mhudumu hulimaliza kwa sekunde chache.

Kwa hiyo kujua mambo haya ni silaha ya mlalamikaji. Hifadhi ujumbe wa uthibitisho. Piga picha ya kioo inayoonyesha matumizi ya data kwa hesabu ya simu yako, kwa kuwa simu inahesabu upande wake na mtandao upande wake. Anza kwa mtoa huduma na udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Usipopata suluhisho, lipeleke TCRA ukiwa na namba hiyo. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kuwasemea watumiaji. Wateja wangu waliofika na karatasi zao zikiwa zimepangwa walirudishiwa. Walioishia kutukana kwenye simu ya 100 hawakurudishiwa.

Mchangiaji kutoka Namanga

Naomba kuongeza la huku kwetu mpakani. Simu hukaa ndani ya nyumba ikiwa na mtandao wa Tanzania, ukisogea uani inashika wa Kenya. Makato ya hapo hayana kifurushi kinachoyazuia.

Mwanzisha uzi

Asante sana, hili lilikuwa limenipita. Vifurushi vya kawaida ni vya ndani ya nchi, na simu ikiwa imeachwa ijichagulie mtandao hufuata mawimbi yenye nguvu, haijui mpaka. Kwa mtu wa Namanga, Holili, Sirari, Mutukula au Tunduma, ni bora azime kabisa matumizi ya data katika mitandao ya nje kwenye Mipangilio, kisha achague mtandao wake kwa mkono badala ya kuacha simu ijichagulie. Hasara yake ni kwamba kuna wakati itabaki bila mawimbi hadi usogee hatua kadhaa, lakini hutakatwa chochote.

Wenye simu ya laini mbili nao wachunge. Hakikisha data imewekwa kwenye laini uliyonunulia kifurushi, na kwenye kupiga simu iambie ikuulize kila mara laini ipi itumike. Zipo simu za bei nafuu ambazo nafasi moja tu ndiyo inashika 4G na ya pili inaishia 2G, kwa hiyo ukiona intaneti inakwenda kwa kujikokota wakati mwenzako mtandao ule ule anapeta, jaribu kubadilisha nafasi za laini kabla ya kumlaumu mtu.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Mkuu, nataka kununua simu iliyotumika kwa mtu. Nitajuaje kwamba si feki? Na kuna ujumbe unaniingia kila siku wa kuniambia ile hela nitume kwenye namba nyingine.

Mwanzisha uzi

Bonyeza *#06# na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15 itatokea kwenye kioo. Simu ya laini mbili huonyesha mbili. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi na, kama betri inatoka, iliyo chini ya betri. Kisha tuma namba hiyo kwa SMS kwenda 15090, na utajibiwa aina ya simu inayotambulika kwa IMEI hiyo. Jibu likitaja aina nyingine na iliyo mkononi mwako, mrudishie mwenyewe simu yake. Usilidharau jambo hili: usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zilizimwa kwenye mitandao yote nchini, na waliokuwa wamenunua mtaani bila kuangalia walibaki na tochi na redio. Mwombe pia muuzaji aondoe akaunti yake ya Google mbele ya macho yako, la sivyo ukija kuifuta simu itakudai nywila usiyoijua. Risiti au maandishi ya kuuziana yenye namba ya IMEI ni muhimu, maana simu ya wizi ikifuatiliwa huanza kwa aliyeishika.

Ujumbe wa hela ni wa matapeli, usiujibu. Utume jinsi ulivyo kwenda 15040 na, ukiulizwa, taja namba iliyokutumia. Halafu bonyeza *106# uone usajili wa laini zilizo kwa jina lako, kwa kuwa tangu usajili wa alama za vidole ulipokamilika Januari 2020 kila laini imefungwa kwenye namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) ya mtu, na ukikuta namba usiyoitambua inabidi uende kwa mtoa huduma ikaondolewe. Na mtu yeyote akikupigia akakuomba ubonyeze namba zinazoanza na nyota na kuishia na reli ili akurekebishie mtandao, kata simu. Zipo namba za namna hiyo zinazohamishia simu zako kwake, na kwa njia hiyo anaweza kupokea simu za uthibitisho zilizokusudiwa wewe. Kama una wasiwasi ulishabonyeza, ##002# hufuta uhamishaji wote wa simu.

Mchangiaji kutoka Tabora

Mkuu, nimepiga 100 nikiwa na mama. Ni miito ya simu, mbili kwa pamoja, wameziondoa. Ila sasa mdogo wangu katika kuchezea simu ameweka namba ya siri ya laini kimakosa na inaomba PUK. Anataka kujaribu namba anazozikumbuka.

Mwanzisha uzi

Mzuie sasa hivi. PIN, yaani hiyo namba ya siri, ikikosewa mara tatu laini hudai PUK, namba ya kuifungulia, na PUK ikikosewa mara kumi laini hiyo imekufa. Itabidi mama aende kwenye duka la mtandao na kitambulisho chake aweke alama za vidole apewe nyingine. PUK ina tarakimu nane na kwa kawaida imeandikwa kwenye kadi ya plastiki ambayo laini ilichomolewa humo, kwa hiyo mwulize kwanza alikoiweka. Isipopatikana, pigeni 100 kwa laini nyingine ya mtandao huo huo, mtaje namba ya mama na taarifa zake za usajili, nao watawatajia. Mkishaiingiza, simu itaomba PIN mpya mara mbili. Wekeni ambayo mama mwenyewe ameichagua.

Mchangiaji kutoka Tabora

Kadi imepatikana ndani ya Biblia. Simu imefunguka. Ahsante sana, mkuu.